Yatima Hadeki

Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1992 sasa amevuka 40. Ana kazi au anahangaikia kazi, ana mwenzi au wameachana, ana watoto wanaotoka asubuhi na sare zilizopigwa pasi. Ukikutana naye Bukoba, Muleba, au ndani ya daladala ya Mbagala alikohamia kutafuta maisha, hana alama yoyote usoni. Ila kama alizaliwa mkoani Kagera, huenda mwaka ule alisimama kwenye migomba nyuma ya nyumba akitazama wanaume wa ukoo wakichimba kaburi la mama yake, hatua chache kutoka kaburi la baba ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashikana.

Ni huyu ninayetaka kumuulizia hali. Wazazi wake wameandikwa sana, na walistahili kuandikwa. Yeye alihesabiwa akiwa mtoto, akaingizwa kwenye orodha za misaada, akapewa daftari na blanketi, kisha akatimiza miaka 18 na jina lake likafutwa. Nchi ikadhani imemalizana naye.

Kagera ndiko UKIMWI ulikopigia hodi Tanzania. Wagonjwa watatu wa kwanza kuripotiwa nchini walitoka Hospitali ya Ndolage mwaka 1983, miaka minne tu baada ya vita na Uganda kumalizika. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo waliokuwa wakivuka mpaka. Muongo mmoja baadaye zilikuwepo nyumba nyingi ambamo kizazi cha katikati kilikuwa kimeondoka, wamebaki bibi na wajukuu. Watafiti wa uchumi waliingia kwenye kaya zaidi ya 900 za mkoa huo kati ya 1991 na 1994, na mwaka 2004 wakawatafuta tena watu walewale, hata waliohama mkoa na waliovuka kwenda Uganda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walipolinganisha waliofiwa na wasiofiwa, waliona kwamba aliyempoteza mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa mfupi kwa takriban sentimita 2 kuliko urefu ambao angefikia, na alisoma pungufu kwa mwaka 1 hivi. Sentimita hizo hazikurudi alipokuwa mtu mzima. Tangu niusome utafiti huo nimekuwa nikijiuliza: ikiwa msiba umeweza kufika hadi kwenye mifupa, umefika wapi kwingine ambako rula haifiki?

Tunajua kuzika. Maturubai hufungwa, michango huandikwa kwenye daftari la mistari, masufuria makubwa huazimwa, na kwa siku kadhaa hakuna mfiwa anayelala peke yake. Lakini hebu tuiangalie siku ya kuanua matanga, wazee wanapoketi. Kwanza huzungumzwa madeni ya marehemu. Kisha kibanja, yaani shamba la nyumbani, nani atakitunza. Kisha baiskeli, cherehani, redio. Halafu watoto. Mkubwa aende kwa baba mkubwa, maana ameshafikia umri wa kusaidia shambani. Wa kike aende kwa shangazi, amejifungua juzi na hana msaidizi. Huyu mdogo abaki kwa bibi. Maneno hayo husemwa watoto wakiwa wametumwa maji. Wakirudi na ndoo zao, mambo yamekwisha, na kesho yake ndugu watatu waliolala mkeka mmoja tangu wazaliwe wanapanda magari tofauti.

Sisemi wazee wale walikuwa makatili. Walikuwa watu waliozika mno, nao wenyewe wakiwa na njaa na vifo vyao vya kulilia. Kumpatia mtoto mahali pa kula na kulala, katika miaka ile, kulikuwa kazi kubwa ambayo serikali haikuifanya na ukoo uliifanya. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeona kuwa mtoto yule amefiwa tena siku ile ile. Na wapo waliompoteza mama, wakatenganishwa na ndugu, kisha wakanyang'anywa hata kibanja chenye makaburi ya wazazi wao, na baba wadogo walewale waliosimama kaburini wakilia.

Yatima hadeki, husema Waswahili, na watoto hao waliielewa methali hiyo haraka kuliko walivyoelewa hesabu. Yatima mzuri huamka kabla hajaitwa. Haombi kuongezewa mboga. Akiumwa husubiri mpaka homa ionekane kwa macho. Wenzake wakigombana na mama yao juu ya viatu vya sikukuu, yeye hutoka nje, asije akaonekana naye anataka. Wageni humsifu: huyu mtoto ana adabu, mtu mzima kabisa. Nami nikimsikia mtoto wa miaka 9 akisifiwa kuwa ni mtu mzima kabisa, moyo wangu huingia hofu, kwa sababu utoto hauwezi kurukwa bila mtu kuulipia baadaye.

Jijini London, miaka ya 1970, mwanasosholojia George Brown na mwenzake Tirril Harris waliwahoji wanawake wa kitongoji cha Camberwell ili wajue kwa nini wengine huangukiwa na sonona na wengine hapana, ilhali wote wanapigwa na maisha. Kitabu chao kilitoka mwaka 1978. Kati ya mambo waliyoyakuta ni kwamba mwanamke aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11 alikuwa mwepesi zaidi kuanguka pale dhiki ya ukubwani ilipomfikia: mume alipoondoka, kazi ilipokwisha, mtoto alipougua. Hapo wengi wangeridhika na jibu. Hawa hawakuridhika. Waliendelea kuuliza, wakahamia Walthamstow, na mwaka 1986 Harris, Brown na Antonia Bifulco wakachapisha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote. Kufiwa peke yake hakukuwa ndiko kunakoleta madhara makubwa. Kilichotangulia sonona kilikuwa malezi yaliyofuata baada ya msiba: kama mtoto alipata mtu wa kumwangalia na kumjali, au aliachwa akue mwenyewe katika nyumba iliyojaa watu. Pale palipokuwa na uangalizi wa kweli, hatari ilishuka sana. Pale palipokuwa na kupuuzwa, hatari ilipanda, hata kwa watoto ambao mama zao walikuwa wametengana nao na bado wanaishi.

Mambo haya ya London yanatuhusu sisi kuliko tunavyopenda kukiri. Kifo hatukuweza kukizuia mwaka 1992. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijafika. Yaliyofuata baada ya kifo yalikuwa mikononi mwetu.

Namfahamu mwanamke mmoja, mhasibu, aliyefiwa na mama akiwa darasa la tatu. Alilelewa kwa shangazi, akasoma mpaka chuo, akaolewa na mtu mpole. Ukoo humtolea mfano. Mwaka ambao binti yake wa kwanza aliingia darasa la tatu, Jumapili moja jioni alikuwa akipiga pasi sare ya mtoto, akafika kwenye kola, akasimama. Hakulia. Alikata tu umeme wa pasi, akaenda kukaa kitandani, na kwa miezi mingi baada ya hapo hakuwa tena mtu yule wa awali. Alikwenda kazini na kurudi. Alikula kwa sababu chakula kimewekwa mezani. Saa tisa za usiku alikuwa macho. Maumivu yalikuwa kifuani na mabegani, hivyo alikwenda hospitali kama mtu yeyote mwenye maumivu, na kila alikokwenda alipimwa malaria, typhoid, UTI na presha. Alipewa vidonge vya kila moja. Alipewa vitamini. Akaambiwa apunguze mawazo.

Mwisho alikutana na daktari kijana aliyeweka kalamu mezani, akamuuliza: "Dada, ulipokuwa mdogo, ukilia nani alikuwa anakubembeleza?" Aliniambia kwamba alitafuta jibu kwa muda mrefu mpaka akaona aibu, maana shangazi yake hakumpiga wala kumnyima chakula, na kumsema vibaya ilikuwa kama kuiba. Lakini jina la kumtaja hakulipata.

Mimi si daktari, lakini nimejitahidi kuelewa kinachotokea mwilini. Mtoto akitishwa, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni, kotisoli ikiwa mojawapo. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Mtu mzima akimpakata, akamfuta machozi, mitambo hiyo hutulia. Kutulizwa huko, kukirudiwa mara elfu, ndiko kunakoufundisha mwili kujituliza wenyewe siku za mbele. Asiyetulizwa hukua na mwili unaolinda zamu usiku na mchana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Michael Meaney akiwa mmoja wao, walichunguza ubongo wa watu waliojiua, na kwa wale walioteswa utotoni wakakuta alama za kikemikali kwenye jeni inayosaidia kuizima kotisoli, alama ambazo hazikuonekana kwa waliojiua bila kuteswa. Ulikuwa ubongo wa watu wachache, na sitaki kuutwika utafiti huo mzigo usiouweza. Hata hivyo unaelekea kule kule ambako mhasibu wangu alielekea na maumivu yake ya mabega.

Utafiti unaotajwa zaidi katika habari hizi ni wa Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa mwaka 1998 kutoka San Diego, Marekani. Watu wazima zaidi ya 9,500 waliulizwa kama utotoni walipigwa, walidhalilishwa, waliingiliwa kimwili, walimwona mama akipigwa, au waliishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mfungwa. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau jambo moja. Waliopitia manne au zaidi, wakilinganishwa na wasiopitia lolote, walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nne wa kuwa wamezama katika huzuni kwa wiki mbili au zaidi ndani ya mwaka mmoja, na wa zaidi ya mara kumi wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua. Walioulizwa walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wao wasomi na wa tabaka la kati. Njaa haikuulizwa. Kufiwa hakukuulizwa. Vita havikuulizwa. Tukiyaongeza ya kwetu kwenye orodha ile, sijui nani katika umri wangu angebaki na sifuri.

Ninasema ya kwetu, kwa sababu hata asiye yatima ana lake. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na karibu robo tatu ya wote, wa kike na wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au viboko na mtu mzima au mpenzi. Mcha mwana kulia hulia yeye, tutajibiwa. Nimeisikia methali hiyo tangu nikiwa mdogo na siamini tena kwamba inatosha kama utetezi. Wapo watu wazima wengi sana wanaolia leo, usiku, bila sauti, na utotoni mwao hakuna aliyewacha hata siku moja.

Na kuhusu yatima, mwaka 2002 tulikwisha kuonyeshwa haya bila kificho. Mtafiti Makame na wenzake walilinganisha watoto yatima 41 wa Dar es Salaam na watoto 41 wa mitaa ileile wasio yatima. Yatima walilala na njaa mara nyingi zaidi, na walibeba huzuni na wasiwasi mwingi zaidi. Walipoulizwa kama katika mwaka uliopita waliwahi kuwaza kujiua, 34 katika kila 100 walisema ndiyo; kwa wenzao walikuwa 12. Walikuwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Watoto hao leo ni watu wazima, wapo mjini humu humu, na mwajiri anayemwona mmoja wao amechelewa kazini kwa mara ya tatu wiki hii anamwandikia barua ya onyo.

Kwa wanaume jambo hili hujificha zaidi. Mwanamume mwenye sonona haonekani ana sonona. Anaonekana mkali. Anaonekana mlevi, na huko kwetu rubisi haina bei kubwa na gongo haiulizi umri. Mke atasema ana kiburi, hasemi na mtu. Watoto wake watajifunza kusikiliza mlio wa viatu vyake mlangoni ili wajue jioni itakuwaje. Hivyo ndivyo msiba wa 1992 unavyoingia katika utoto wa mtu aliyezaliwa 2015, ambaye hata jina la babu yake hajui.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Wengi waliopitia utoto mgumu hawakuugua, na wapo waliotoka humo wakiwa na huruma kubwa kuliko sisi tuliodekezwa. Hatari si hukumu. Ila ukiwatazama kwa karibu hao waliosimama, mara nyingi utakuta kulikuwa na mtu. Mwalimu mmoja wa darasa la tano. Mama jirani aliyekuwa akimwachia uji. Bibi.

Bibi zaidi ya wote. Huko Nshamba, wilayani Muleba, tangu mwaka 2003 mpango uitwao Kwa Wazee umekuwa ukiwapa wazee, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini ya mwaka 2008 ilionyesha fedha zile zilinunua chumvi, sabuni, viatu vya shule. Mtu anaweza kusema hayo hayahusiani na ugonjwa wa akili. Mimi naona yanahusiana moja kwa moja: bibi ambaye hashindi akiwaza chumvi ana nafasi ya kumtazama mtoto usoni na kuona kwamba leo hakuchangamka. Huko huko Nshamba, mradi wa Humuliza uliwasaidia yatima kuanzisha chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi, wakaweka akiba, wakaenda kulimiana mashamba na kutengenezeana nyumba. Mtoto aliyekuwa akijiona ni yeye peke yake aliyeachwa, akajikuta kwenye kikao na wenzake wa aina yake, ana haki ya kunyoosha mkono na kusema.

Moshi, na Bungoma huko Kenya, kulifanyika jambo lingine ambalo lilistahili kutangazwa redioni kila wiki. Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao wa nchi zetu mbili waliwafundisha watu wa kawaida, wasio na shahada yoyote ya tiba ya akili, kuwasaidia watoto waliofiwa na bado wanasumbuliwa na msiba. Watoto 640 waliingia katika utafiti huo uliochapishwa mwaka 2020. Waliopangiwa tiba walikaa katika vikundi mara 12, na katikati yake kila mmoja akapewa vikao vichache vya peke yake, ambamo alisimulia kifo chenyewe: alikuwa wapi, nani alimwambia, aliona nini. Walezi nao walihudhuria. Katika maeneo mengi kati ya manne waliyofanyia kazi, watoto hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninachokiona hapo ni kwamba mtoto alitakiwa kueleza, na mtu mzima alitakiwa kukaa kimya asikilize mpaka mwisho. Kwa watoto wa Kagera wa miaka ya 1990 hilo halikufanyika, na lingewezekana chini ya mti, bila jengo.

Na kwa waliokwisha kuwa watu wazima? Tirril Harris yuleyule, mwaka 1999, alichapisha matokeo ya jaribio jingine la London. Wanawake waliokuwa na sonona ya muda mrefu walipewa mtu wa kujitolea wa kuwatembelea walau saa moja kwa wiki kwa mwaka mzima, kuzungumza nao, kutoka nao, kuwa rafiki. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 65, na katika kundi lililokuwa likisubiri walikuwa asilimia 39. Sidai kwamba urafiki unatosha. Uchambuzi mkubwa uliofanywa mwaka 2012 na Valentina Nanni, Rudolf Uher na Andrea Danese ulionyesha kuwa sonona ya mtu aliyeteswa au kupuuzwa utotoni huwa sugu zaidi, hurudi mara nyingi zaidi, na huitikia matibabu kwa shida zaidi kuliko ya mwingine. Hii ndiyo sababu swali la utotoni si udaku. Daktari asiyeliuliza anatibu nusu ya mgonjwa. Mhasibu wangu alihitaji dawa, alihitaji mtaalamu wa kuzungumza naye kwa miezi, na alihitaji dada zake wawili, ambao alikuwa hajakaa nao chumba kimoja usiku mzima tangu siku walipogawanywa. Vyote vitatu vilichukua muda. Sasa analala.

Wewe unayesoma hapa, ukiwa mmoja wa watoto wale, neno langu ni fupi. Huna kiburi, wala hukurogwa, na hukukosa shukrani kwa waliokulea. Ukiwa umepoteza usingizi, hamu ya chakula au hamu ya kuishi kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili. Ukifika kwa daktari usianze na kifua wala mabega. Mwambie kwanza ulikuwa na umri gani wazazi walipofariki, nani alikuchukua, na uliishi vipi huko.